Mafunzo ya moto halisi, Jinja: siku moja nzuri, siku moja ya hatari

Niliwapeleka vijana 8 wa kikosi cha zimamoto cha kiwanda chetu kwenye mafunzo ya siku mbili yanayotolewa na kampuni binafsi ambayo sitaitaja. Siku ya kwanza, ya darasani, iliniridhisha kabisa: wakufunzi waliizungumza kazi yao kwa Kiswahili na Kiluganda, wala hakuna aliyetoka bila kujua kwa nini moto wa umeme haumwagiwi maji.

Siku ya pili waliingizwa katika kontena la chuma lenye mlango mmoja, ambalo hawakuwa wamelikagua kabla halijawashwa, na moto ukawashwa kwa matairi yaliyomwagiwa petroli. Moshi mweusi ulishuka hadi magotini. Pampu ilipozimika, mpira wa maji ukalegea mikononi mwao, na nje hapakuwa na mpira wa akiba wala mtu aliyevaa tayari kwenda kuwatoa. Walitoka kwa kutambaa, na mmoja wao aliungua sikio na shingo. Niliyashika mabega yake nikasikia joto la koti kupitia glavu zangu.

Si kwamba kanuni hazipo. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1403, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1986 baada ya wazimamoto wawili kufa mazoezini huko Boulder, Colorado, mwaka 1982, kinadai ukaguzi wa jengo kabla ya zoezi, mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wasiozidi 5, na mpira wa akiba. Na mwanafunzi wa zimamoto alipokufa mazoezini Baltimore mwaka 2007, wachunguzi walifuatilia mioto iliyowashwa sehemu kadhaa za nyumba ile, vifaa alivyopewa, na waliosimamia zoezi.

Ripoti niliyoletewa mimi ni ukurasa mmoja, na inasema kijana hakufunga kofia yake ipasavyo. Haisemi nani alipaswa kumkagua mlangoni, na pampu haikutajwa hata mara moja. Nilikuwa nimeomba pampu isiguswe na kila mkufunzi ahojiwe peke yake. Nilipopiga simu wiki iliyofuata, niliambiwa pampu imekwishatengenezwa na kontena limepokea kundi jingine.

Darasa lao ningelilipia tena. Katika kontena lile simpeleki mtu.