Vijiti vya USB vya kuchimba Bitcoin: kabla hujasema kimekufa, angalia umeme

Lubumbashi Wantanshi! Karibuni tena mezani kwangu. Leo sina simu wala spika. Nina hivi. Subiri nisogeze kamera... haya. Vijiti vinne, kila kimoja kama kidole gumba, na mgongoni kina bati la alumini lenye mistari ya kutoa joto. Ukikiona haraka utasema ni fleshi, lakini ukikichomeka hakifungui folda yoyote. Kinaitwa Block Erupter, kilitoka mwaka 2013 kwa kampuni ya ASICMiner, na kinajua kazi moja tu: kuchimba Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali.

Najua. Ukisema "kuchimba" katika mji huu wa migodi, mtu anafikiria mtarimbo na magunia. Mtoto wa jirani aliniona nahangaika navyo, akaniuliza, "Yaya, kobalti inatokea upande gani?" Nikamwambia bado natafuta.

Nilivipata kwa muuzaji wa mitumba karibu na soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, vyote vinne dola 40. Alianza na 100. Akaniapia kwamba kila kimoja kinaingiza dola 5 kwa siku. Nikamuuliza, sasa mbona unauza? Akacheka mwenyewe, na bei ikashuka hapo hapo.

Tuanze na hesabu, ili yule aliyekuja kutafuta utajiri aende zake mapema akale bukari, ugali wetu. Kijiti kimoja kinafanya heshi milioni 333 hivi kwa sekunde. Heshi ni jaribio: unachukua data ya bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari la Bitcoin, unaipitisha kwenye hesabu ya SHA-256 mara mbili, unatazama kama jibu ni dogo kuliko kikomo kilichowekwa. Si dogo? Badilisha namba moja, rudia. Ni hivyo tu, usiku na mchana. Milioni 333 inasikika nyingi, lakini tuchukulie mtandao wa dunia nzima una nguvu ya exaheshi 800 kwa sekunde, yaani 800 halafu sifuri 18. Bloku inapatikana kwa wastani kila dakika 10, na tangu Aprili 2024 zawadi yake ni Bitcoin 3.125. Nimegawanya kwa kikokotoo, nikarudia kwa sababu sikuamini. Kijiti hiki peke yake kingengoja miaka kama milioni 45 kupata bloku moja. Ukijiunga na wenzako kwenye kundi linaloitwa puli mkagawana, utapata satoshi 1 kila siku 53 hivi. Satoshi moja! Na satoshi milioni 100 ndizo zinazofanya Bitcoin 1.

Mwaka 2013 zawadi ilikuwa Bitcoin 25 kwa bloku na washindani walikuwa wachache, ndiyo maana watu walilipa karibu Bitcoin 2 kwa kijiti kimoja kama hiki. Fikiria hilo ukiwa umekaa.

Basi kwa nini niko hapa? Kwa sababu mdogo wangu anasoma informatiki na mwalimu anawaandikia haya mambo ubaoni bila kuwaonyesha kitu. Na kwa sababu watu wawili tayari wameniletea vijiti vyao wakisema vimekufa. Nimeviangalia. Vyote vizima.

Sasa tuchomeke. Ndani ya Block Erupter kuna kachipu kanakoitwa CP2102, ka Silicon Labs, kanakotafsiri kati ya USB na kile chipu kikubwa kinachochimba. Kompyuta inazungumza na hako kadogo. Windows ikiwa na intaneti mara nyingi inajiletea yenyewe draiva, ile programu ndogo ya kuifanya kompyuta ielewane na kifaa. Fungua ule ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote, wenye Windows ya Kifaransa mtaona "Gestionnaire de périphériques", halafu tafuta kwenye sehemu ya porti. Ukiona CP210x na mbele yake COM5, au namba nyingine, uko vizuri. Ukiona alama ya mshangao ya njano, draiva haijaingia. Chukua ya Silicon Labs kwao wenyewe, si kwenye fleshi ya rafiki.

Hapa ndipo njia inagawanyika, na hapa ndipo wengi wanapotea siku nzima. Kuna programu mbili maarufu. bfgminer inataka kijiti kionekane kama porti ya COM, na draiva ile ile ya Silicon Labs. cgminer kwenye Windows haitaki COM. Inataka draiva nyingine, WinUSB, ambayo unaiweka kwa kiprogramu kinachoitwa Zadig. Sasa mtu anasoma maelekezo mawili tofauti, anafanya yote mawili. Zadig ikishaweka WinUSB, ile COM5 inatoweka, bfgminer haioni kitu, na mtu anasema kijiti kimekufa. Chagua moja, baki nayo. Mimi nimechagua bfgminer kwa sababu hainilazimishi kugusa Zadig.

Na Zadig, jamani, itumieni kwa macho mawili. Ukiiambia ionyeshe vifaa vyote, inaonyesha vyote kweli, hata kipanya. Mdogo wangu alichagua mstari mmoja juu ya ule aliotaka, akabonyeza. Kibodi ikanyamaza. Tulizunguka na kipanya peke yake kama mtu anayekula bukari kwa kijiko, mpaka tukairudishia draiva yake.

Kwenye bfgminer, kama haikioni kijiti yenyewe, iambie kiko wapi. Ninaandika hivi, mnaona kwenye skrini:

bfgminer.exe -S erupter:\\.\COM5

Halafu inafuata anwani ya puli, jina na neno la siri. Ile mikwaju na nukta mbele ya COM msiiache, hasa namba ikifika 10 na kwenda mbele. Wenye Linux mna raha zaidi: draiva iko tayari ndani, kijiti kinajitokeza kama ttyUSB0. Kikikataa kufunguka, mara nyingi jina lako halimo katika kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa porti. Jiongeze humo, toka, ingia tena.

Jina la kuingilia kwenye zile puli ambazo kila mtu anachimba kwa bahati yake bila kugawana huwa ni anwani yako ya Bitcoin ya kupokelea. Anwani tu. Yule anayekuomba yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako ya Bitcoin ili "akuwekee kijiti sawa", mfukuze.

Haya, sasa umeme. Hapa nitakaa kidogo.

Kijiti hiki kinakula wati 2.5. Kwa volti 5 hiyo ni ampea 0.5, na ampea 0.5 ndiyo yote ambayo tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa. Hakuna akiba. Tundu la USB 3.0, lile la buluu, linatoa 0.9, kwa hiyo hata hilo si la vijiti viwili. Ndiyo maana tunatumia habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, yenye adapta yake ya ukutani. Lakini soma maandishi ya adapta! Hii yangu imeandikwa matundu 10 kwenye boksi, adapta ni volti 5 na ampea 2. Ampea 2 ugawe kwa nusu nusu, ni vijiti vinne, basi. Yale matundu sita yaliyobaki ni mapambo. Hata feni ndogo ya USB nimeichomeka kwingine.

Na sasa jambo ambalo sijasikia mtu akilieleza kwa ajili yetu sisi wa delestaji, wa umeme wa mgao. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri yake. Lakini adapta ya habu imezimika. Habu haizimiki: inageuka na kuanza kunyonya kutoka kwenye tundu la laptopu. Vijiti vinne vinadai ampea 2 kwenye tundu la nusu ampea. Laptopu inajikinga, inalifunga tundu, na Windows inaleta ujumbe kwamba kifaa kimezidisha matumizi ya umeme. Umeme ukirudi, unakuta vijiti vimekaa kimya. cgminer ina neno lake kwa kifaa kilichopotea hivyo: inakiandika ZOMBIE. Na kweli kama zombi, kinasimama pale kwenye orodha, hakifanyi kitu.

Vile viwili nilivyoletewa vikiwa "vimekufa" vilikuwa na ugonjwa huu huu. Dawa: funga programu, chomoa habu yote, hesabu mpaka kumi, rudisha adapta ya ukutani kwanza ndipo uchomeke waya wa laptopu. Tundu likiendelea kukataa, zima kompyuta kabisa uiwashe. Na wenye betri ya gari na paneli nyumbani, tafuteni kile kigeuzi cha kushusha volti 12 kuwa 5 cha ampea 3 au zaidi, mlishe habu kutoka hapo. Mimi nimefanya hivyo wiki iliyopita. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi kuliko nilivyohesabu, vijiti havikugundua. Modemu nayo niliiweka kwenye betri hiyo hiyo, maana bila intaneti kijiti kinachimba hewa. Data yenyewe inayotumika ni kidogo sana, megabaiti za simu zinatosha.

Waya mrefu na mwembamba nao ni mwizi. Nina kipimo cha USB cha dola 4, nilikichomeka mwisho wa waya wa mita 3 nikakuta volti 4.5. Kijiti kinawaka, kinaonekana, lakini safu ya HW kwenye skrini inapanda kila dakika. HW ni majibu mabovu. Yakiwa machache usijali. Yakikimbizana na majibu mazuri, fupisha waya kabla hujalaumu chipu.

Malalamiko mengine: "Kaka, kinaonekana, kasi inasoma 333, lakini puli inasema sifuri." Wa Lubumbashi, hili mtalielewa kuliko mtu yeyote. Puli ni koperative ya wakrezeri, wachimbaji wadogo wa migodini. Kila mmoja analeta mchanga wake, analipwa kwa magunia. Sasa koperative moja inapokea ndoo, nyingine inasema hapa hatupokei chini ya gunia zima. Ukubwa wa gunia ndio ule ugumu ambao puli inakupangia. Ugumu wa 1 unahitaji kwa wastani majaribio bilioni 4.3, kijiti chetu kinaumaliza kwa sekunde 13 hivi. Puli ikikupangia 1,000, unangoja saa tatu na nusu kwa gunia moja. Ikikupangia 10,000, ni siku moja na nusu bila kuonyesha kitu. Hujaharibu chochote. Tafuta puli inayokubali ugumu mdogo, au tazama ile safu ya WU kwenye cgminer: ikisoma karibu 4.6 kwa dakika, kijiti chako kinafanya kazi yake yote.

Antivairasi itafuta programu. Itafuta tu, jiandaeni. Wezi wanapenda kuficha programu za kuchimba ndani ya kompyuta za watu, kwa hiyo zote zinakamatwa, yenye hatia na isiyo na hatia. Ruhusu ile folda moja peke yake, usizime ulinzi wote. Na tumia kompyuta ya zamani, isiyo na mambo yako ya benki.

Joto: kinachoma. Nusu saa bila feni na sikushiki tena kwa vidole. Feni ya dola 3 inatosha.

Kuna ambao mtaniuliza habari za Compac F ya GekkoScience, kijiti kipya kuliko hiki. Kina chipu BM1397, ile ya kwenye mashine za Antminer S17, na kinafika heshi bilioni 300 hivi kwa sekunde. Mara 900 ya hiki. Ile miaka milioni 45 inashuka kuwa elfu 50. Hongera! Lakini kinakula umeme ambao tundu la kawaida halina, kinataka habu ya maana, na bei yake huku utanunua simu nzuri. Kama ni kwa kujifunza, sioni kwa nini.

Bei ya haki ya Block Erupter kwangu ni dola 5, nikiwa na furaha 10. Ukitajiwa 30 pamoja na hadithi ya faida ya kila siku, mwachie. Na kumbuka kijiti chenyewe kwa mwezi hakimalizi hata kilowati-saa 2, ila laptopu uliyoiacha inawaka kwa ajili yake inakula kilowati-saa 1 kila siku. Bili inatoka huko.

Jambo la mwisho, taa. Ukikichomeka tu, taa ya kijani inawaka na kubaki. Hiyo maana yake hakina kazi, kimekaa. Kikianza kuchimba taa inazimika, halafu inamweka kila kinapopata jibu. Watu wengi wanaielewa kinyume, wanaona giza wanachomoa...

Ngoja. Hiki cha tatu. Mnaona? Kijani, imeganda. Muda gani hii? Ilikuwa imezimika tulipoanza. Na feni nayo... ah, feni imesimama. Haya ndugu zangu, acha niangalie betri, tutaonana.