Kituo kizuri cha watoto wenye usonji, mapokezi mabaya: uzoefu wangu

Hili lilitokea kipindi cha zile mvua, na nilijipa muda nipoe kabla ya kuandika. Sijapoa. Kituo sikitaji jina kwa sababu ndani yake yumo mtu mmoja ambaye sitaki aharibikiwe na maneno yangu, na huyo nitamfikia. Anayekwenda pale atakitambua; bei, siku na saa zao siziandiki. Mimi nina jambo moja la kusema, nalo ni runinga ya mapokezi.

Imetundikwa ukutani, juu ya kichwa cha dada anayekaa pale mezani, na inawaka kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga, sauti juu. Asubuhi hiyo ilikuwa tamthilia. Watu wanafokeana, mlango unabamizwa, linakuja tangazo la sabuni, wanarudi kufokeana. Mwanangu ana usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayofanya mawasiliano na kelele viwe vigumu kwake. Ana miaka mitano na ushee na haongei. Tulitoka Tabata kwa bajaji, si daladala, kusudi afike ametulia, na kweli alifika ametulia, amenishika kidole kimoja cha mkono wa kushoto kama kawaida yake. Tulipovuka tu mlango akaniachia kidole na mikono yote miwili ikaenda masikioni.

Nikamwendea dada. "Dada yangu, habari za asubuhi. Naomba unipunguzie sauti kidogo, mtoto inamuumiza."

Hakuinua macho kwenye simu yake. "Baba, hapo wapo wengine wanaangalia."

Wengine wenyewe alikuwa mama mmoja anayemlisha mwanawe andazi, na runinga ameipa mgongo.

Mwanangu akaingia chini ya kiti, akaanza ule mvumo wake wa kooni. Anapovuma vile anajaribu kuizima kelele ya nje kwa kelele yake mwenyewe, na mimi nikiusikia huwa najua nimebakiwa na dakika moja au mbili. Nikaomba tena. Safari hii dada akanitazama, akatazama chini ya kiti, akasema, "Baba, mtulize mwanao, anasumbua wateja."

Anasumbua wateja! Kwenye kituo cha watoto wenye usonji, mtoto mwenye usonji anasumbua wateja. Nimerudia sentensi hiyo kichwani sijui mara ngapi na bado sijapata pa kuiweka.

Baada ya hapo mwanangu akalala chini kwenye vigae akaanza kupiga kisogo. Niliweka kiganja changu katikati ya kichwa chake na sakafu, na kikawa kinapokea kile kipigo badala yake. Yule mama wa andazi ndiye aliyenyanyuka, akapanda kiti akitafuta kitufe chini ya runinga, hakukiona. Na dada wa mapokezi? Akaita mlinzi. Alipomaliza kumwita akaniuliza mbele ya watu, "Kwani mama yake yuko wapi? Watoto wa hivi wanamtaka mama."

Mama yake yuko Kariakoo, anafungua duka kabla hakujapambazuka ili pesa ya kituo hiki ipatikane. Mimi ndiye ninayeshinda naye. Najua anakula wali mkavu tu, mchuzi usiguse. Najua fulana zake zote lazima nizikate lebo ya shingoni. Karatasi zake za Muhimbili, alikofanyiwa uchunguzi, ninazo mimi na ninazijua kwa moyo. Mtaani nimeshazoea kuulizwa ya kuulizwa. Nimeambiwa karogwa, nimeambiwa ana pepo, nimeambiwa ni chanjo, na hilo la chanjo nimemweleza jirani yangu mpaka akachoka: yule daktari wa Uingereza, Wakefield, aliandika madai yake mwaka 1998 na jarida lenyewe la Lancet likayafuta mwaka 2010. Jirani namwelewa, hajasomea. Lakini wewe uliyekaa mezani, chini ya bango linalosema tarehe 2 Aprili ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kuelimisha jamii kuhusu usonji? Bango liko pale pale, pembeni ya hiyo runinga.

Na wasiniambie kwamba hawakujua kelele inawaumiza. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona, alieleza wazi jinsi sauti kubwa zilivyokuwa zikiwatia hofu. Mwaka 1943! Mwongozo wa Marekani ambao madaktari wengi duniani wanautumia kutambua usonji, toleo lake la tano la mwaka 2013, umeihesabu hali hii ya kuzidiwa na sauti, mwanga au mguso kuwa ni mojawapo ya dalili zenyewe. Wala hatuko watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Kituo kinachoishi kwa ada zetu kinashindwaje kushika rimoti?

Sasa yule mtu niliyesema. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka kijana wa tiba kwa vitendo, yaani mtaalamu anayewasaidia watoto kumudu shughuli za kila siku. Hakumuuliza mtu kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi ukutani akazima swichi. Kimya. Kisha, na hili ndilo nililokuwa sijaliona kwa mtaalamu mwingine yeyote, hakumgusa mtoto wala hakumwita jina. Alikaa chini hapo hapo kwenye vigae na shati lake jeupe, mbali kidogo na sisi, akatoa kizibo cha chupa ya maji mfukoni, akakizungusha sakafuni. Kikazunguka, kikaanguka. Akakizungusha tena. Akaendelea tu, hana haraka, mpaka mvumo ukapungua, na jicho moja la mwanangu likaanza kukifuata kile kizibo. Baadaye kidogo mkono mdogo ukatoka sikioni ukakikamata.

Nililia pale pale, na sioni aibu kuandika.

Tungeishia hapo ningekuwa nimeandika sifa tupu. Lakini tulipoinuka kuingia ndani dada akatazama saa ya ukutani. "Baba, kipindi chenu kilianza saa tatu. Kimebaki robo saa." Nikadhani sikumsikia vizuri. Yaani muda ambao runinga yao ilimlaza mwanangu chini umehesabiwa ni muda wa tiba! Nikalipa pesa kamili, akaniandikia risiti ya pesa kamili. Kijana alijaribu kumweleza, akajibiwa kwamba hayo ni ya ofisi.

Siku hiyo hiyo niliwaambia wazazi wenzangu wasikanyage pale. Mmoja ambaye mwanawe anasoma Msimbazi Mseto, ile shule ya Ilala yenye kitengo cha watoto wetu, alinijibu kwamba hasira yangu anaielewa, ila nifikirie nitampeleka wapi mtoto. Niliudhika naye. Nimekuja kumwelewa, na ndiyo maana ushauri wangu leo haujanyooka nilivyotaka unyooke.

Kwa sababu bado tunakwenda. Yule kijana amemwanzishia mwanangu kadi za picha, ule mfumo ulioanzia Marekani mwaka 1985, ambapo mtoto asiyeongea anachukua picha ya anachokitaka na kumpa mtu mkononi. Mimi nilidhani kadi ni za kuonyesha kwa kidole. Akanieleza kwamba kazi iko kwenye kule kukabidhi. Mtoto ajifunze kumwendea mtu, amwone kwamba ni mtu wa kumpa na kupewa. Mwanzoni wanakuwa watu wawili, mmoja mbele ya mtoto na mwingine nyuma yake akimsaidia mkono bila kusema neno. Wa nyuma nilikuwa mimi. Kanuni ya kituo inasema mzazi akae nje, yeye aliomba niingie, na alikuwa sahihi. Hata Shirika la Afya Duniani lina mafunzo maalumu ya walezi, vikao tisa vya kikundi na watu kutembelewa nyumbani mara tatu, na yametengenezwa ili yaweze kuendeshwa hata pasipo na wataalamu. Mtoto anakaa na mtaalamu saa moja. Saa zinazobaki za wiki nzima anakaa na nani?

Jioni moja nilikuwa napiga pasi, nikahisi kitu kinanigusa paja. Mwanangu, na kadi ya maji mkononi. Hakukuwa na mtu nyuma yake wa kumsaidia mkono. Nikampa kikombe. Akanywa mafunda mawili, akanirudishia kikombe, akaenda kuichukua kadi mezani nilipoiweka, akaniletea tena. Hakuwa na kiu. Alitaka kuona kama itafanya kazi tena! Tulirudia hivyo mpaka kanzu ya watu ikaungua kidogo ukingoni, na mama yake aliporudi kutoka dukani akaletewa kadi na yeye kabla hajavua viatu.

Kwa hiyo nitawaambiaje wazazi wasiende?

Lakini nikikumbuka ile "anasumbua wateja" damu inachemka upya. Nilikwenda kwa meneja. Nilimkuta mtu mpole, alinikaribisha kiti, akaniambia runinga imewekwa kwa ajili ya wazazi, wasichoke kusubiri, na kwamba ningeweza kumnunulia mtoto hedifoni za kuzuia sauti. Anazo. Akiwa tayari amezidiwa havumilii kitu kugusa masikio yake, anazirusha. Nilimwambia ni rahisi zaidi kwake kununua betri ya rimoti. Akaahidi atazungumza na wafanyakazi. Sauti ilishuka kwa muda, tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Tulipokwenda juzi juzi ilikuwa imerudi pale pale, na dada ni yule yule.

Sina hakika tena nisemeje. Kama unaweza kupata huduma ya namna hii kwingine, nenda kwingine, usiwape pesa yako. Kama huwezi, na wengi wetu hatuwezi, basi nenda, lakini usimwingize mtoto mapokezi. Sisi sasa hivi tunasubiri nje ya geti, chini ya mti wa mkungu, yule mlinzi mzee ametupa benchi lake, na kijana anatoka mwenyewe kutuchukua kupitia mlango wa jikoni. Piga simu mapema useme unataka hivyo. Dada akikwambia haiwezekani, mwambie ipo familia inafanyiwa. Omba kuingia ndani na mwanao, omba uonyeshwe kazi ya kufanya nyumbani, na wakitaka kukuhamishia kwa mtaalamu mwingine waulize sababu. Yule kijana akiondoka pale, na sisi siku hiyo hiyo tunaondoka.

Na pesa ya kile kipindi bado naidai. Risiti ninayo, na nimewaambia nitakuja nayo kila tunapokuja mpaka wanirudishie au watupe kipindi kizima kingine.