Uzoefu wangu na Gramps: kopi za akiba za mti wa ukoo wetu, hapa Goma

Bandugu, leo naandika juu ya Gramps, ile programu ya bure ya kupanga ukoo, lakini zaidi sana juu ya kopi za akiba. Watu wananiuliza natumia programu gani, hakuna hata mmoja ananiuliza nafanya aje ili kazi isipotee. Niko Goma, natumia Gramps tangu 2019 ku mashini ya Windows yenye iko nyumbani, ile ya mezani, na ndani niko na watu 640 na kitu.

Kwanza mujue kwa nini nashikilia hii kitu hivi. Papie za ukoo wetu ziliisha 2002. Tarehe 17 mwezi wa kwanza lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji, nyumba ya koko mwanaume (babu) ilikuwa njiani kwake, na sanduku yake ya bati yenye karte za ubatizo na ile kaye (daftari) aliandika majina ya wazazi wake na wadogo zake, vyote vilibaki chini ya mawe. Kwa hiyo kazi yangu yote imetoka mu midomo ya watu. Koko mwanamke nilimurekodi na telefone, jioni kwa jioni, anataja mtu, anataja alioa wapi, anaimba kidogo, anaendelea. Koko ametutoka 2022. Hizo sauti hakuna pahali nitazipata tena.

Na kwetu jina halikusaidii kuunga watu upya. Baba ana jina lake, mtoto wa kwanza ana lake, wa pili lake, hakuna jina moja la jamaa kama kwa Wazungu. Kisha mu 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, sasa mtu mmoja ku karte ya zamani ni jina moja, ku karte ya kisha 1972 ni lingine kabisa. Gramps inakuachia umuandikie mtu majina mengi, na kila jina na tarehe yake na pahali ulilitoa, hapo naisifu sana. Lakini ndiyo maana faili ikipotea huwezi kuijenga tena kwa kufuata majina, zile nyuzi zote ziko mule ndani tu.

Sasa nije ku kosa langu. 2021 mlima ulilipuka tena, tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho (Jumamosi) usiku. Ile usiku hatukuenda mbali. Lakini tarehe 27 asubuhi walitangaza tutoke, matetemeko hayakuwa yanakoma, basi tukafuata barabara ya Sake na watu wengi sana, watoto mgongoni, godoro kichwani, mashini ya mezani nani ataibeba? Nikaiacha. Mfukoni nilikuwa na flashi, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa juu nilijua mti wote uko pale. Tukafika Minova, kisha tukapanda bwato mpaka Bukavu kwa shangazi, na siku ya tatu nikamuomba binamu mashini yake, nikaweka Gramps, nikafungua flashi.

Majina yote yalikuja, tarehe zilikuja. Picha hakuna hata moja. Sauti ya koko hakuna. Pale picha ingekuwa kulikuwa alama tu, na ukibonyeza inakuambia faili haionekani ku njia fulani, na ile njia ilikuwa ya mashini yangu ya Goma, yenye sikujua kama bado iko nzima ao imeungua. Siku hizo zote sikulala vizuri, shangazi alikuwa ananiuliza kama niko mgonjwa.

Tuliporudi nyumba ilikuwepo, mashini pia, Mungu asifiwe. Lakini nilikuwa nimeelewa. Mimi nilikuwa nafanya export ya GEDCOM, ile fomati programu zote za ukoo zinaisoma, nayo ni maandishi tu. Picha na sauti haizibebi, inaandika tu pahali ziko ku mashini. Na Gramps yenyewe haiweki picha ndani ya databeze, pale inashika majina na tarehe zote, inakumbuka njia ya kufika ku picha, ukihamisha folda ao ukiibadilisha jina njia inakatika. Wameeleza vizuri mu maelezo yao, ni mimi sikusoma.

Chenye kinapashwa kufanywa ni hiki: unaingia ku menu ya miti ya ukoo, unachagua kufanya kopi ya akiba, na pale inakuuliza kama inaweka media (picha na sauti) ndani unasema ndiyo. Inakutolea faili moja yenye mwisho wa .gpkg, mule kuna mti mzima pamoja na picha na sauti. Ukisema hapana inakupa .gramps, ni ndogo sana, nzuri kwa kila siku lakini haina picha. Na kitu chenye kilinifurahisha, .gpkg ni paketi ya kawaida tu iliyokandamizwa, unaweza kuifungua hata na 7-Zip, ile programu ya kufungua paketi, bila Gramps, kwa hiyo hata kama siku moja hii programu itakufa watoto wangu watatoa picha.

Musikopi folda ya databeze yenyewe kwa mukono wakati programu iko wazi, kopi inaweza kutoka imeharibika. Zaidi sana hapa kurant inakatika bila kupiga hodi, na mashini ya mezani haina betri.

Shida nyingine ilikuja mwaka uliofuata. Paketi yangu ilikua, skani za picha zangu ni kubwa, ikapita giga 4, na flashi ya giga 32 ikawa inakataa, inasema nafasi haitoshi wakati iko karibu tupu! Nikafikiri nimeuziwa ya bandia, nikarudi Birere kugombana na muuzaji, masikini hakuwa na kosa. Flashi ilikuwa imeformatiwa FAT32, ni namna ya zamani ya kupanga flashi, na FAT32 haipokei faili moja inayopita giga 4. Niliiformati exFAT, namna mupya yenye inapokea faili kubwa, ikapokea (toeni vitu vyenu kwanza, kuformati kunafuta vyote).

Leo nafanya hivi. Gramps nimeiseti ifanye kopi ndogo kila nikiifunga, sifikirii tena. Kila mwisho wa mwezi natoa .gpkg, naiweka ku diski ya inje ya giga 500, na hiyo diski haikai karibu na mashini, inakaa mu sakoshi yenye pasipoti na karte za watoto, ile yenye tunashika kwanza tukikimbia. Kopi ya pili ya diski iko Bukavu kwa shangazi, inaenda na bwato mara mbili kwa mwaka pamoja na mtu wa jamaa. Ku Google Drive naweka .gramps tu, ile ndogo, juu giga 15 za bure zinagawanywa na email na picha za telefone, na kupandisha giga 5 na mega za hapa ni pesa nyingi na usiku mzima, mara mbili ilikatikia njiani nikaacha. Picha za muhimu kabisa, kama 60, nimezipandisha moja moja. WhatsApp siitumii kwa kuhifadhi, ukituma picha hivi hivi inaipunguza, uso wa koko unakuwa ukungu. Kama hakuna njia nyingine mutume kama dokima (document).

Kisha kila mara diski ikifika Bukavu binamu anafungua: anaunda mti mpya mtupu, anaingiza .gpkg ndani, anabonyeza sauti tatu ao ine, ananiambia kama zinalia. Bila hiyo sihesabu kama niko na kopi. Mara moja alikuta picha 11 hazimo, nilikuwa nimeziacha ku telefone.

Kama ni nyota naipa 4 ku 5. Ni bure kweli, iko kwa kifaransa, inafanya kazi bila intaneti na kwa hapa hicho ni kitu kikubwa sana. Nyota moja naitoa juu kopi inaifanya vizuri lakini kurudisha ni kazi: mtu asiyezoea hatajua kama anapaswa kuunda mti mtupu kwanza, akiingiza juu ya mti wa zamani watu wanajirudia mara mbili, ilinifikia, nilifuta siku mbili.

Zimebaki kaye mbili za baba mdogo, bado sijaziskani, ziko kwake Keshero. Posho hii naenda.