Nilihariri makala ya "Babe", sasa nisikilizeni

Kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni kwenyewe ni rahisi, hapo sina neno. Unabofya "hariri", unaandika, unahifadhi, basi. Balaa linaanza ukishahifadhi.

Makala niliyoigusa ni ya Babe, ile sinema ya 1995 ya mwana wa nguruwe anayechunga kondoo. Sehemu ya utengenezaji ilikuwa imekonda, haigusi hata lile swali ambalo kila mtoto anayeitazama huuliza: huyu nguruwe walimfundishaje? Kumbe hakuwa mmoja. Watoto wa nguruwe hukua upesi mno, kazi ya kupiga picha haiwasubiri, kwa hiyo walitumika 48 kwa kupokezana, pamoja na mdoli wa mitambo kwa yale ambayo mnyama hai asingeyaweza. Na kile kishungi cha nywele kwenye paji la uso? Cha kubandika!

Nikaandika hayo, nikaweka chanzo, nikaenda kunywa maji. Narudi, yamefutwa yote. Kwenye historia ya ukurasa nakutana na ile namba nyekundu yenye alama ya kutoa, na pembeni yake mhariri kaacha maneno mawili: "si muhimu". Salamu hakuna. "Ndugu, hapa parekebishe" hakuna. Si muhimu! Na juu yake tu kuna sentensi inayosema filamu hii ni nzuri sana na inapendwa na kila mtu, haina chanzo wala nusu ya chanzo, imetulia tuli kama mwenye nyumba.

Nikamfuata kwenye ukurasa wa majadiliano. Nikamweleza kwa adabu (mwanzoni ilikuwa adabu) kwamba kazi ya wale wanyama ndiyo habari yenyewe. Sinema hii ilichukua Oscar ya madoido ya picha mbele ya Apollo 13, yaani wanyama wanaoongea waliishinda safari ya mwezini. Ukifuta walivyofanya, unabaki na muhtasari wa hadithi, na hadithi mtu si ataitazama mwenyewe? Akajibu: "Soma miongozo." Ipi? Kurasa ziko chungu nzima, kila moja inakutuma kwa mwenzake. Nawe ukithubutu kurudisha alichofuta mara kadhaa, unaonywa kwamba unaanzisha vita vya kuhariri, ukizidi unafungiwa. Wenyeji wanazijua sheria hizo na wanajua pa kusimama. Mgeni anazijua akishapigwa nazo.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia watu wasijisumbue kabisa. Lakini haki isemwe. Akatokea mhariri mwingine, akakisoma chanzo, akairudisha aya yangu na kuipunguza maneno kidogo, kisha akaniandikia: "Karibu sana, endelea." Basi tu, hasira ikashuka. Na hakulazimika kuandika upya, maana historia ya ukurasa hutunza kila toleo. Alichukua la zamani akalirejesha. Huo ni utaratibu wa maana sana, nausifu bila kinyongo. Nikaanza hata kumwonea huruma yule wa kwanza. Huenda anashinda akifuta matusi na upuuzi wa watu wasio na kazi, mpaka mkono umezoea, unafuta kabla macho hayajasoma. Siku ile ningeulizwa, ningesema jamani ingieni, muhariri, kuna watu wema.

Leo nimefungua tena. Wale 48 wamebaki, ila kishungi hakipo, na sababu iliyoandikwa ni "mambo madogo". Sawa, nikameza. Kisha nikashuka chini kidogo, nikaona mwishoni mwa sentensi ya wale nguruwe mtu amebandika "chanzo kinahitajika". Ameibandika ubavuni mwa namba ya tanbihi. Namba ile ile ambayo ukiibofya inakupeleka moja kwa moja kwenye chanzo.