Modeli ya mmeng'enyo wa chakula niliyoinunua Mtwara

Mwezi uliopita nilinunua, katika duka moja la vifaa vya shule mjini Mtwara, modeli ya plastiki ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa shilingi 95,000, kwa ajili ya kufundishia baiolojia kidato cha pili. Imebandikwa kwenye ubao, inaanzia mdomoni na kuishia mkunduni, ini lake linachomoka, na tumbo lake linafunguka katikati kama kifuu cha nazi.

Faida yake kubwa kwangu ni ya lugha kuliko ya sayansi. Kiswahili chetu kinatumia neno "tumbo" kwa eneo lote lililo chini ya kifua, na pia kwa kile kiungo kimoja kinachopokea chakula kutoka kwenye umio. Nilipowaambia wanafunzi waoneshe tumbo lilipo, karibu wote walishika kitovu, mahali ambapo kwa kweli pana utumbo mwembamba. Modeli inaliweka tumbo juu, upande wa kushoto, sehemu yake ikiwa imejificha chini ya mbavu, na baada ya kipindi kimoja tu ubishi huo uliisha.

Sehemu ya ini nayo imetengenezwa vizuri. Ukilichomoa, unakiona kibofu nyongo cha rangi ya kijani, pamoja na mrija wake unaokutana na ule wa kongosho kabla ya kuingia kwenye duodeni, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Nyongo wanafunzi hawakuhitaji kutambulishwa, kwani aliyewahi kupasua kuku anajua kuwa ikipasuka mboga yote inakuwa chungu. Wasichokijua ni kazi yake. Nilitumia mfano wa korosho, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta: nyongo, inayotengenezwa na ini na kuhifadhiwa tu katika kibofu hicho, haina kimeng'enya (kemikali ya mwili inayovunjavunja chakula) hata kimoja, ila huyatawanya mafuta kuwa matone madogo sana ili kimeng'enya cha lipesi kutoka kwenye kongosho kiweze kuyafikia.

Kasoro ya kwanza ni utumbo mwembamba, ambao umefinyangwa kuwa bonge moja lisilofumuka, hivyo mwanafunzi hawezi kuamini kwamba kwa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6. Ilinibidi ninunue kamba ya mita sita, tukaikunjua kuanzia ubaoni, ikatoka mlangoni hadi barazani, na mwanafunzi aliyeshika ncha ya mwisho akauliza iwapo nilikuwa natania. Ndani ya utumbo huo, vilevile, plastiki ni laini kama bomba la maji, ilhali utumbo halisi umejaa vinundu vidogo mithili ya vidole, ambavyo ndivyo vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula. Jambo hilo usipolisema kwa mdomo, modeli haitakusaidia.

Kasoro ya pili iliniudhi zaidi. Kadi ya majina iliyokuja ndani ya boksi imebadilisha namba za kongosho na kibofu nyongo, nami niligundua baada ya darasa zima kunakili. Niliporudi dukani nilijibiwa kuwa mzigo huja hivyo hivyo na kwamba kadi nyingine haipo, basi nikasahihisha kwa kalamu ya wino mzito. Kijiti kinachoshikilia ini nacho kililegea katika wiki ya tatu. Sasa kimefungwa kwa solotepu.

Kwa shule yenye madarasa kadhaa yatakayopokezana modeli hii, bei hiyo naiona ni ya haki, mradi mwalimu aikague kadi kabla ya kuingia darasani. Mzazi anayemtafutia mtoto wake kifaa cha kujisomea nyumbani anunue chati ya ukutani, na kwa fedha itakayobaki anunue mita sita za kamba.