Sparse: mkaguzi mkali wa draiva za Linux

Draiva yako (programu inayoendesha kifaa) imepita kompaila ya GCC bila onyo hata moja? Usishangilie bado. Ipitishe kwa Sparse, programu ya bure inayokagua msimbo wa C bila kuuendesha, iliyoanzishwa na Linus Torvalds, muasisi wa Linux, mwaka 2003. Amri `make C=1` hukagua faili zinazokompailiwa upya tu; `C=2` hukagua zote. Draiva ikiwa nje ya msimbo wa kerneli (kiini cha Linux): `make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD C=2`.

Ubora wake ni kufuatilia alama `__user` (anwani za kumbukumbu ya programu za mtumiaji), `__iomem` (anwani za rejista za kifaa) na `__le32` (namba ya biti 32 inayoanza na baiti ndogo). Ikilalamikia `__iomem`, huenda umesoma rejista ya kifaa kama kumbukumbu ya kawaida: tumia `readl()` na `writel()`. Ikilalamikia `__le32`, pitisha thamani kwenye `le32_to_cpu()`, inayoipanga kwa mfumo wa prosesa. Kwenye x86 (prosesa za kompyuta za kawaida) kosa la kuiruka hatua hiyo halionekani kabisa, ila kwenye s390 (mashine kubwa za IBM, zinazoanza na baiti kubwa) baiti hupinduka na namba inakuwa nyingine. Wengi hukimbilia `__force`, alama inayoiambia Sparse ipuuze, ili onyo linyamaze. Huko ni kuzima king'ora moto ukiwa unawaka.

Onyo la kukosa `static` (neno la kitu kinachotumika ndani ya faili moja tu) ni kazi ya dakika moja.

Udhaifu? Toleo kuukuu la Sparse likikutana na kerneli mpya humwaga makosa ya uongo, hivyo jenga toleo jipya kutoka hazina yake ya msimbo ya Git. Vigeu visivyotumika haishughuliki navyo; hivyo viachie `make W=1`, inayowasha maonyo ya ziada ya kompaila.