Vifaa vya kufundishia Kiingereza kwa wanaoanza sifuri: uzoefu wangu Mikindani

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mikindani, kwenye baraza ya nyumba ya shangazi. Wanafunzi wangu ni watu wazima: madereva wa bodaboda, mama lishe, wasichana walioishia darasa la saba, kijana anayetembeza wageni kwenye mji mkongwe na lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na mzee mmoja aliyejifunza kusoma chuoni, yaani herufi za Kiarabu anazimudu kuliko hizi zetu. Umeme wakati mwingine upo, wakati mwingine haupo. Intaneti ni ya simu yangu. Naandika kwa ajili ya mwenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea ambaye watu wamemganda, "mwalimu, tufundishe na sisi Kiingereza," naye hajui ashike kipi. Hakuna aliyenilipa kusifia chochote.

Niseme kwanza napima kwa nini. Vitu vingi vilivyoandikwa "kwa wanaoanza" vimetungwa kwa mtu aliyewahi kukaa darasani akaimba "good morning teacher" miaka saba, akasahau. Huyo haanzi, huyo anakumbushwa. Wangu wengine hawajui sentensi moja. Kwao nataka kitu kinachotumika bila bando, ninachoweza kutoa kopi bila kufilisika, na kisichomfanya mama wa watu wazima ajione mjinga mbele ya mkwewe aliyekaa naye mkeka mmoja.

Kilichonibeba kuliko vyote ni African Storybook. Ni tovuti ya hadithi fupi zenye picha, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014. Hadithi zipo kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na nyingi zina toleo la Kiingereza lenye picha zilezile. Zimetolewa kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kutafsiri, hata kuibadili hadithi iendane na watu wako, mradi uwataje waliotunga. Zimepangwa kwa ngazi tano: ya kwanza ni maneno tu, ya pili sentensi fupi, halafu aya, halafu aya ndefu, na ya mwisho ni zile za mwalimu kuwasomea kwa sauti. Kuna pia programu yake ya simu, ambayo hadithi ukishaipakua unaisoma hata kama mtandao umekata.

Ninavyoitumia ni hivi. Nachagua hadithi ya ngazi ya pili. Jioni ya kwanza nasoma ya Kiswahili, wanacheka, wanamlaumu sungura, wanaenda zao. Kesho yake nawapa ya Kiingereza, picha ileile, na sisemi maana ya chochote. Hadithi wanaijua tayari, kwa hiyo jicho linatoka kwenye picha linakwenda kwenye maneno na kurudi. Halafu natoa mkasi. Kila sentensi inakuwa kipande chake cha karatasi, navichanganya, wawili wawili wanavipanga upya chini kwenye jamvi. Hapo ndipo utamu ulipo. Nimemsikia mama lishe akimkatalia kijana wa bodaboda, "Hapana, mwanangu, huyu hajafika sokoni bado, atauzaje?" akakichomoa kipande na kukishusha chini ya kingine. Hakuweza kukisoma chote. Alishika "market" na "sell", akili ya biashara ikafanya iliyobaki. Kisha nikamwambia akisome kwa sauti, akakisoma.

Nilidhani watu wazima wataona hadithi za watoto ni dharau. Wapi. Wanazibeba nyumbani kuwasomea watoto na wajukuu, na mzee wetu wa chuoni alifanya hivyo kabla ya mtu yeyote. Picha zinasaidia pia pale kwenye "he" na "she", ambapo sisi tunaoanzia Kiswahili tunatereza wote, wasomi kwa wasiosoma. Naonyesha picha kwa kidole, wanajibu, hakuna kanuni ya sarufi niliyotaja.

Kasoro zipo. Mbuzi, kisima, bibi na shamba ni wengi mno. Mteja, bei, risiti na bandari hutaviona. Mwenye haraka ya kazi ataanza kunung'unika. Na uchapaji wa rangi hapa mjini ni ghali, kwa hiyo nabana kurasa nne kwenye karatasi moja, nyeusi na nyeupe, natoa kopi kwa sh. 100. Picha nyingine zikitoka bila rangi zinakuwa masizi matupu. Kagua kwanza kopi moja kabla hujamwambia kijana wa steshenari azitoe zote.

Kwa kusikiliza nimetegemea VOA Learning English, ya Sauti ya Amerika. Wenyewe walianza Oktoba 1959 na kipindi cha redio kilichoitwa Special English: msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na msomaji anayekwenda polepole kuliko mtangazaji wa kawaida. Ninachotumia mimi ni kozi yao ya Let's Learn English, ngazi ya kwanza, yenye masomo 52. Yupo dada anaitwa Anna, amehamia Washington, anatafuta njia, anaanza kazi, anakosea, anauliza. Kila somo lina video fupi, zoezi la kutamka na karatasi ya kuchapa. Nimetoa sauti peke yake nikaiweka kwenye memori kadi, memori kadi nikaichomeka kwenye kispika cha kuchaji. Umeme ukikatika, Anna anaendelea kuongea gizani.

Tatizo ni kwamba Anna anaishi Washington. Ghorofa, ofisi, mitaa yao. Basi nimemhamishia Mtwara. Tunasikiliza somo mara mbili, halafu Anna anateremka stendi na begi lake, dereva wa boda anampakia kwenda Shangani, njiani anauliza maswali yaleyale aliyouliza kwenye kispika. Nani awe Anna, hiyo ni vita ya kila jioni. Vijana wa boda wamejifunza kushoto, kulia, mbele na "wait here" kwa namna hiyo haraka kuliko jambo jingine lolote nililowahi kuandika ubaoni, kwa sababu ni kazi yao, na mgeni akishuka Mikindani kesho wanakwenda kuitumia.

Lakini sikia: Machi 2025 shughuli za VOA zilisimamishwa karibu zote kwa agizo la serikali ya Marekani. Ukiweza kuyafikia masomo yale, usisome mtandaoni ukaacha. Pakua, hifadhi, mgawie na mwenzio.

BBC Learning English nayo ni nzuri, ipo tangu 1943, lakini si ya darasa langu. Kile kipindi chao cha dakika sita, 6 Minute English, ni cha mtu wa kati aliyeshapiga hatua. Niliwachezea kimoja kwa kuwajaribu. Kijana mmoja wa boda akanyoosha mkono: "Madam, hawa wanaongea au wanakimbizwa?" Nikazima. Nakisikiliza mwenyewe nikiosha vyombo, kinaninoa masikio, na mwalimu naye anahitaji kunolewa.

British Council nitaipitia kwa haraka. Tovuti yao ya LearnEnglish imepangwa kwa ngazi zile za Ulaya, A1 kwenda juu, na A1 yao inafaa kwa mwanafunzi mwenye simu janja na bando. Wangu wengi wana vitochi. Kuna upande wa walimu, TeachingEnglish, wenye maandalio ya masomo ambayo nayachukua nusu nusu, na upande wa watoto wenye kadi za picha za kuchapa. Kadi hizo nazibandika kwenye vipande vya boksi, nazifunika kwa gundi ya karatasi ya nailoni, zinadumu.

Sasa vile vijitabu vya stendi vinavyoahidi Kiingereza ndani ya mwezi. Najua walimu wenzangu wanavicheka, na hapa nitapingwa, lakini mimi sivifukuzi. Matamshi yameandikwa kwa herufi za Kiswahili, "hau a yu", na ni kweli yanampa mtu lafudhi ya ajabu. Sentensi nyingine zimeandikwa na mtu aliyekuwa na usingizi. Hata hivyo mwanafunzi amekinunua kwa hela yake, anakitoa mfukoni akiwa kijiweni anasubiri abiria. Nakifungua naye, nafuta kwa kalamu sentensi mbovu, naacha zilizo sawa. Kijitabu kilichosahihishwa kwa mkono wa mwalimu wake anakiamini kuliko kopi zangu zote.

Ambacho sikipendekezi ni programu moja ya simu ya kulipia. Jina naliacha. Sehemu ya bure ilikuwa na tangazo baada ya kila zoezi, na kulipia kulitaka kadi ya benki. Nani kati ya wanafunzi wangu ana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni? Zaidi ya hapo maelekezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ileile wanayokuja kujifunza. Ukiona programu inamfundisha asiyejua kwa kile asichokijua, ipite.

Vifaa bora vya bure vimejaa majumbani. Wambie kila mmoja aje na kitu kimoja chenye maandishi ya Kiingereza. Zitakuja paketi za dawa mseto, mifuko ya saruji, maboksi ya sabuni, chupa za dawa ya kupulizia mikorosho. Paketi ya dawa peke yake inakupa wiki nzima: kabla na baada ya kula, mara ngapi kwa siku, weka mbali na watoto. Mfuko wa saruji unakupa uzito na namba. Dawa ya mikorosho ndiyo iliyonishtua, kwa sababu mama mmoja alikuwa na ile chupa nyumbani msimu mzima na onyo lote lilikuwa kwa Kiingereza, kuhusu kuvaa glavu na kutokula wakati wa kupulizia. Somo lile halikuhitaji kuhamasishwa na mtu. Waliandika kwenye madaftari hadi giza likaingia, na wengine wakarudi na chupa za majirani.

WhatsApp naitumia kwa sauti tu. Asubuhi natuma sentensi tatu kwa sauti yangu, taratibu. Kila mwenye simu janja anarudisha sauti yake. Sauti fupi haili bando. Wenye vitochi wanasikilizishwa na wenzao kijiweni, na nimesikia kwamba pale kijiwe cha boda sasa wanasahihishana bila mimi, kwa kelele. Aibu ya kutamka, ambayo ndiyo inaua wanafunzi wengi wa Kiingereza nchi hii, inapungua mtu akiwa peke yake na simu yake.

Kamusi: mwalimu awe na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza 1996. Ni nene, mwanafunzi anayeanza usimpe, ataogopa. Iwe ya kwako, ya kukufuta jasho usoni pale mtu anapokuuliza jina la samaki.

Kama unafundisha watoto wadogo na si watu wazima, sahau nusu ya niliyosema na utafute Akili and Me ya Ubongo, wale wa Dar es Salaam. Ni katuni ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, mtoto mwenyewe, Akili, anaishi chini ya Kilimanjaro, na ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwanangu wa dada anaimba namba za Kiingereza kwa sababu yake. Watu wazima wangu hawakuipenda, na sikuwalazimisha.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wangu ni kispika cha kuchaji chenye sehemu ya memori kadi kwanza, mkasi na gundi pili, na kopi ziwe za tatu. Projekta achana nayo. Na panga ratiba ukijua kwamba korosho zikianza kuokotwa, Oktoba kwenda mbele, nusu ya darasa itakuwa shambani au ghalani. Usiwafokee, wape vipande vya karatasi waende navyo.

Mwisho ni kwa wale wanaouliza kama vifaa hivi vinamfikisha mtu kwenye cheti. Havifikishi. Mwanafunzi anayetaka kufanya mtihani wa maarifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ule uitwao QT (Qualifying Test), ili baadaye afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, anahitaji vitabu vya mtaala. Hivyo vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unajisajili, unasoma. Wasichana wangu wawili wameshahamia huko, na kwao sasa mimi ni wa kuuliziwa maswali tu.